Wavu Uliolazwa Mapema

Gari la polisi kutoka Mpanda liliingia mwalo wa wavuvi wa Kapembe wakati Manyanda ameshavunjwa taya na watu wanaulizana nani ana kiberiti.

Inspekta Vestina hakungoja gari lisimame. Aliruka, akapenya kwa viwiko mpaka katikati ya lile kundi. Mwanamume alikuwa amelala kifudifudi mchangani, tairi la pikipiki shingoni, shati limelowa petroli. Jibaba moja lilikuwa bado linampiga mgongoni kwa mpini wa jembe, bila haraka, kama linatwanga mahindi.

"Weka chini hiyo," Vestina alisema.

Yule bwana alimtazama juu mpaka chini. "Kwani wewe nani?"

Vestina hakuwa mtu wa kujieleza mara mbili, na pale hakujieleza hata mara moja. Alichomoa bastola, akafyatua risasi juu, kisha akamshindilia kitako cha bastola puani. Mfupa ulivunjika, kila mtu akausikia. Mpini ukaanguka, damu ikafuata. Kundi lilirudi nyuma kidogo, likasimama tena. Wao walikuwa mwalo mzima, polisi walikuwa wawili, na hakuna aliyekuwa haioni hesabu hiyo.

"Huyu sasa ni wangu," alisema. "Anayemtaka aje amchukue."

Hakuna aliyekuja. Koplo Abednego, dereva wake, mtu mnene asiyependa fujo lakini akishaingia haikimbii, alimvua Manyanda tairi, akambeba begani kuelekea ofisi ya mwalo, kijumba cha matofali chenye mlango wa bati. Njia nzima walirushiwa mawe. Moja lilimpasua Abednego sikio. Akatukana, akaendelea kutembea.

Mlangoni walimkuta mtu mrefu, macho mekundu, ameinua mikono kuwatuliza watu. Ajabu ni kwamba watu walimsikiliza.

"Mtusamehe, afande," alisema. "Mimi naitwa Leodgar. Aliyeuawa ni shemeji yangu, alimwoa dada yangu. Watu wana uchungu. Nitawashika, lakini siwezi kuwashika siku nzima. Jua likizama hamjatuambia kitu, hawa watachoma nyumba na waliomo."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuwa msibani, afande. Nina pengine pa kwenda?"

Vestina alifunga mlango, akachungulia dirishani. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa Kongo.

Maiti ilikuwa chumba cha nyuma, juu ya turubai. Kasimiri alikuwa nahodha wa kipe, ile mitumbwi miwili inayofungwa pamoja kwa miti ili ibebe wavu mkubwa wa dagaa katikati. Vestina alipiga magoti. Kisogo kilikuwa kimebonyea kwa ndani. Pigo jingine lilikuwa la shingoni, jingine la begani, yote kutoka nyuma. Kwenye nywele zilizoganda damu vilinasa vibanzi vya mbao vyenye rangi ya bluu.

"Kafi," alisema Abednego, kiganja kikiwa sikioni.

"Kafi za bluu ni za nani hapa?"

Aliyejibu ni Wiliam, afisa uvuvi, kijana aliyehamishiwa pale kutoka Dodoma, ambaye tangu vurugu zianze alikuwa amejifungia humo. "Za Bi Rozalia, afande. Vyombo vyake vyote vya bluu. Ana vipe viwili. Kimoja nahodha wake ni huyu marehemu, cha pili ni Leodgar."

"Huyo wa mlangoni?"

"Huyo huyo."

"Na Manyanda ni nani?"

"Alikuwa mvuvi wa Kasimiri. Msukuma, alikuja na ng'ombe za baba yake mpaka huko Mpimbwe, ng'ombe zikafa, akaingia ziwani. Wiki iliyopita Kasimiri akampunguza."

"Kwa nini?"

"Mgao, afande."

Akaeleza, na Vestina akamwacha aeleze. Zamani kila kipe kilishusha dagaa kadiri ya nguvu za watu wake. Dagaa wakapungua, na hilo hakuna aliyelibisha, hata wale wanaobisha kila kitu. Msimu uliopita likaja agizo: kila kipe kina kiwango chake, na kiwango kikijaa, wavu utundikwe kwenye miti iliyosimamishwa mbele ya ofisi, afisa auone. Msimu huu kiwango kikakatwa nusu. Watu hawajamaliza kulalamika, kikakatwa tena, na mwenye vipe viwili akaambiwa achague kimoja. Wavuvi waliozoea kutoka wote wakaanza kutazamana nani atabaki nchi kavu. Watu waliokula sahani moja wakawa wanaviziana. Jana jioni Bi Rozalia aliwaita manahodha wake nyumbani, akamchagua Kasimiri.

"Leodgar alisemaje?"

"Alimpa mkono mbele ya watu. Akamwambia shemeji, hongera."

"Na Manyanda?"

"Huyo juzi kilabuni alimkaba Kasimiri kola, akamwambia utaniona. Mwalo mzima ulisikia. Ndiyo maana maiti ilipoonekana watu hawakujisumbua kuuliza."

"Nani aliiona?"

"Mimi." Wiliam alionyesha dirisha. "Kulipopambazuka nilichungulia hapo, nikaona wavu wa Kasimiri haupo mtini. Umeshushwa, umekunjwa, uko chini mchangani na mawe juu yake. Nikajua anataka kuniibia, atoke nje ya mgao. Nikanywa chai, nikaenda kumtafuta nimgombeze. Nyumbani hayupo, chomboni hayupo. Nikazunguka mpaka kule kwenye matete, nikamkuta."

Vestina alitazama tena. Nyavu zote zilikuwa zinaning'inia kwenye miti. Mmoja tu ulikuwa chini, umekunjwa kwa adabu, mawe kwenye pembe zake, na hakuna aliyeusogelea.

Alirudi kwa Manyanda. Taya lilikuwa limehama mahali pake, hawezi kusema neno.

"Kichwa unaweza kutikisa," Vestina alimwambia. "Ulimuua Kasimiri?"

Kichwa kilienda huku na huku.

"Ulimtishia?"

Kikaenda chini.

"Wanasema walikukuta na damu shatini. Ilikuwepo kabla hawajakupiga?"

Chini tena. Vestina aliukunjua upindo wa shati, akausogeza kwenye mwanga. Juu damu ilikuwa mbichi, ya kipigo. Chini ilikuwa nyeusi, imekauka, imenasa manyoya mafupi meupe.

"Mbuzi?"

Manyanda aliitika kwa nguvu mpaka maumivu yakamtoa machozi. Akanyoosha kidole upande wa buchani.

"Tangu Kasimiri akutoe unachinja pale?"

Akaitika.

"Mtu anayechinja mbuzi asubuhi anaweza kuwa ameua mtu usiku wa jana yake," Abednego alisema.

"Anaweza," Vestina alikubali. "Walimkamatia wapi?"

"Kwa Mama Pelagia, mgahawani," Wiliam alisema. "Anakula ugali na dagaa. Walimburuta na tonge mdomoni."

Mlango uligongwa, na safari hii haikuwa kwa jiwe. Aliingia mwanamke amejifunga kanga mbili, beseni dogo la maji mikononi. Alikuwa Evaline, mjane wa Kasimiri. Machozi yalikuwa yamemwishia, na kilichobaki usoni kilikuwa hasira tupu. Alimruka Manyanda kwa macho, akasimama mbele ya Vestina.

"Nimekuja kuwauliza na nyie, maana huko nje nimeshauliza wote. Nani alilaza wavu wa mume wangu?"

"Kuulaza ndiyo nini, dada?"

"Hapa kwetu mvuvi akifa, wavu wake hautundikwi. Unashushwa, unakunjwa, unalazwa chini mpaka tumzike. Ukiachwa mtini, marehemu anarudi kuwaita wenzake, na chombo hakipati kitu tena. Anayeulaza ni mtu wake wa karibu. Ndani anaweka kitu alichokuwa amevaa marehemu, kimtulize. Na mimi mjane, kabla ya kwenda makaburini, huyo mtu lazima nimnawishe mikono kwa maji haya. Nimewauliza wavuvi wake mmoja mmoja. Kila mmoja alidhani ni mwenzake."

Vestina alimgeukia Wiliam.

"Ulipouona uko chini, kuna mtu alikuwa anajua kwamba Kasimiri amekufa?"

"Hakuna, afande. Si ndiyo nilimtafuta kwa sababu ya..." Wiliam hakumaliza. Alikaa chini polepole.

"Basi aliyeulaza alijua kuna msiba kabla ya mwenye msiba," Vestina alisema.

Maji yalicheza kwenye beseni.

"Dada, mumeo alipenda kuvaa nini kichwani?"

"Kofia ya sufu ya kijani. Nilimfumia mwenyewe. Hakuivua hata kanisani, mpaka padri akamsema."

"Hatujaikuta. Na huyo anayelaza wavu, ana mwiko?"

"Hali kitu cha ziwani mpaka mazishi yaishe. Si dagaa, si mgebuka. Akila ni kama anamla marehemu."

Vestina alimtuma Abednego mlango wa nyuma, na baada ya muda mfupi akarudi na Mama Pelagia, mwenye mgahawa, aproni bado kifuani.

"Mama, leo asubuhi, kabla maiti haijaonekana, nani alikuja kwako akakataa dagaa?"

"Akatae dagaa hapa mwalo?" Mama Pelagia alitaka kucheka. "Ale nini sasa? Nani ata..." Mkono ulimwenda mdomoni.

"Sema."

"Leodgar. Alitaka maharage. Nikamtania, nikamwambia umeokoka au unaumwa? Maana huyo kwa dagaa hana simile, ananiombaga hadi za chini ya sufuria. Akasema tumbo. Nikampashia maharage ya jana." Alimtazama Evaline. "Mdogo wangu, mimi sikulifikiria hilo. Naapa."

Evaline hakupiga kelele. Aliweka beseni sakafuni ili lisimwagike.

"Ndiye aliyemleta Kasimiri nyumbani," alisema. "Mimi nilikuwa simtaki. Kaka akaniambia olewa naye, huyu hatakupiga."

"Maharage hayamfungi mtu," Vestina alisema. "Nataka hiyo kofia."

"Afande, tukigusa wavu wa maiti watatuua," Abednego alisema.

"Tusipougusa watamuua huyu. Mama Pelagia, dagaa zimebaki?"

"Zimebaki."

"Nipakulie sahani moja."

Walitoka nje jua likiwa limeshuka karibu na maji. Kundi lilikuwa limeongezeka. Dumu la petroli lilikuwa limesogezwa ukutani, na yule jibaba, pua imemvimba, alikuwa amelikalia. Walipoona polisi wanaelekea kwenye wavu, kelele zilipanda.

"Msiguse huo."

"Afande, huo hauguswi."

Jiwe lilimpata Vestina kwenye mfupa wa bega. Alihisi mkono unakufa ganzi, akaihamishia bastola mkono wa pili, akaendelea. Leodgar alishawatangulia pale, amesimama kati yao na wavu, uso umemkauka.

"Mheshimuni marehemu," alisema. "Jambo hili nyie hamlijui."

"Nimeelezwa," Vestina alisema, kisha akapaza sauti. "Aliyeulaza huu wavu ajitokeze. Mjane ana maji, anamngoja."

Evaline alisimama pembeni yake na beseni. Watu walitazamana. Wavuvi wa Kasimiri walitikisa vichwa, mmoja baada ya mwingine.

"Afisa, waambie uliuona saa ngapi uko chini."

Wiliam alitoka nyuma ya Abednego. "Alfajiri. Kabla hatujampata. Ndiyo maana nikamtafuta."

Hawa walikuwa watu wa mwalo, hawakuhitaji kutafsiriwa. Kelele zilikatika kuanzia mbele, ukimya ukaenda nyuma mpaka kwa yule wa dumu, naye akasimama.

"Leodgar, ni wewe?" Vestina aliuliza.

"Si mimi."

"Vizuri. Hujala tangu asubuhi, umeshinda unatusaidia. Kula." Mama Pelagia alimsogezea sahani. "Tonge moja tu, shaka iishe."

Leodgar aliitazama sahani. Alichukua dagaa mmoja, akampeleka karibu na mdomo, na hapo mkono ukagoma. Alijaribu tena. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Mtu aliyeweza kumpasua shemeji yake kichwa kwa kafi hakuweza kumeza dagaa asiyefika urefu wa kidole, na mwalo mzima ulikuwa unamtazama.

"Kula, kaka," Evaline alisema.

Sahani iliruka. Leodgar aliinama, akanyakua kafi iliyokuwa imeegemezwa kwenye miti, akaizungusha kwa nguvu zake zote. Ilimpata Abednego kwenye mkono aliouinua kujikinga, na mfupa ukakatika kwa sauti. Pigo la pili lilikuwa la kichwa cha Vestina. Aliinama, likampitia juu, akafyatua akiwa amepiga goti moja. Risasi iliingia pajani. Leodgar alianguka juu ya wavu, akajivuta haraka kutoka juu yake, kana kwamba wavu ndio uliomchoma na si risasi.

Ndipo kundi likamgeukia yeye. Yule jibaba alikuwa wa kwanza, na mkononi alikuwa na lile lile tairi. Vestina alimkanyaga Leodgar kifuani ili asiinuke, akamwelekezea jibaba bastola katikati ya macho.

"Mchana ulikuwa na uhakika na mwingine," alimwambia. "Rudi nyuma."

"Huyu sasa ndiye mwenyewe, afande."

"Hata yule ulisema ndiye mwenyewe. Rudi."

Alirudi. Aliliangusha tairi, akabaki analitazama, hajui mikono aiweke wapi.

Abednego, uso wa majivu, alipiga magoti akauondolea wavu mawe kwa mkono uliobaki mzima. Aliukunjua polepole. Ndani kabisa, mahali pa kichwa, kulikuwa na kofia ya sufu ya kijani. Nyuma ilikuwa ngumu kwa damu. Evaline aliitazama, akaitika kwa kichwa, basi.

"Nilimwomba tugawane," Leodgar alisema chini ya kiatu cha Vestina. Alisema kwa dada yake, wengine hakuwajali. "Wiki yake, wiki yangu. Akaniambia mgao haugawiki, jina linaloandikwa ni moja. Na kweli haugawiki. Akageuka aende zake. Mimi ningewaambia nini watu wangu, Evaline? Wananingoja pale chomboni, wote wana watoto."

"Halafu ukamlazia wavu," Vestina alisema.

"Nilimpenda Kasimiri. Ningemwachaje azurure?"

"Na Manyanda ungemwacha aungue?"

Leodgar alifumba macho. "Manyanda si wa hapa."

Vestina alimfunga pingu kwa mbele, akamfunga paja kwa mkanda wake mwenyewe, na aliukaza zaidi ya ilivyohitajika. Alikuwa na hasira na hakuona sababu ya kuificha.

Wiliam na mtu wa buchani walimtoa Manyanda ofisini wakimshikilia huku na huku, wakamkalisha mchangani karibu na gari. Watu walimpisha. Hakuna aliyemwomba radhi, kila mmoja aliona bora aangalie ziwa. Mmoja wa wavuvi wa Leodgar alimsogelea Wiliam, akashusha sauti, lakini palikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Afisa, sasa ule mgao wa Bi Rozalia anapewa nani?"

Wiliam alimpa mgongo, akaenda kufungua mlango wa gari.

Evaline alikuwa amelichukua beseni lake. Alikuja nalo polepole akipita katikati ya watu, na Leodgar alipomwona anakuja alijiinua akakaa, akakinga mikono yake yenye pingu, viganja juu, kama inavyotakiwa.

"Dada," alisema.

Evaline alimpita. Alichuchumaa mbele ya Manyanda, akaloanisha ncha ya kanga yake kwenye yale maji, akaanza kumfuta petroli machoni, kisha damu kidevuni, kwa uangalifu, asiliguse taya. Manyanda alitetemeka, halafu akatulia. Maji yaligeuka mekundu. Hakuna mtu wa mwalo aliyesema kwamba hivyo sivyo, na nyuma yake mikono ya Leodgar ilikuwa bado imekingwa.